MWALIMU WA CHUO KIKUU AKIKAA GIZANI, HASARA NI YA NANI?

Hotuba ya Katibu Mwenezi wa Tawi kwa wanachama na marafiki wa chama, Shinyanga



Nimeombwa niseme juu ya elimu. Wengi wenu mlidhani nitasema juu ya madawati na vyumba vya madarasa, kama tulivyozoea. Leo sisemi hayo. Leo nataka kusema juu ya taa. Nataka kusema juu ya umeme katika vyuo vyetu, hasa vyuo vikuu, na juu ya kazi ya walimu wanaofundisha humo, hao tunaowaita wahadhiri. Najua maneno haya si ya kawaida katika mkutano wa tawi. Jana mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, kijijini kwetu nguzo zimefika juzi tu, na nyumba nyingi hazijaungwa. Wewe wataka tuwalilie watu wenye mishahara na digrii?" Swali lake ni la haki, nami nitalijibu kabla sijakaa.

Kwanza nianze na jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Ndugu zetu wa Nyarugusu na Rwamgasa, kule Geita, wana makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Mwenye karasha la umeme, taa ikizimika saa nne asubuhi, hahitaji mtu wa kumweleza hasara yake. Mawe yamelala pale katika mifuko, vijana wamekaa kivulini, na mwenye mawe ananung'unika. Ukimwuliza jioni umepoteza kiasi gani, atakutajia kwa mifuko na kwa shilingi. Mwenye mashine ya kusaga unga hapa mjini ni hivyo hivyo. Mama mwenye jokofu la samaki ni hivyo hivyo. Hasara yao inaonekana kwa macho, na mwenye hasara anapiga kelele, na kelele zake zinasikika.

Wakubwa nao wanajua. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000 haukungoja nguzo. Kwa muda wa kama miaka ishirini uliendeshwa kwa mitambo yake wenyewe ya dizeli, mchana na usiku. Mgodi wa Bulyanhulu ulipofunguliwa mwaka 2001, ulivutiwa laini ya kilovolti 220 kutoka hapa hapa Shinyanga, ikapita juu ya mashamba ya pamba na ya mahindi, juu ya nyumba za watu waliokuwa wakiwasha vibatari, mpaka mgodini. Wazee wa Maganzo wanakumbuka mambo ya zamani zaidi. Mwadui, tangu siku za Bwana Williamson aliyeanza kuchimba almasi mwaka 1940, ulikuwa mji wenye taa zake, hospitali yake na shule yake, na mtu wa kijijini aliziangalia taa zile usiku kama mtu anayeangalia nyota.

Mimi siwalaumu wenye migodi kwa kuwasha taa. Walipiga hesabu wakaona kwamba saa moja ya mtambo kusimama ni fedha nyingi kuliko dizeli yote ile. Ninachosema ni kwamba hesabu hiyo ilipigwa kwa ajili ya dhahabu. Je, ni nani amewahi kuipiga kwa ajili ya mwalimu wa chuo kikuu?

Hapo ndipo tatizo linapoanza, ndugu zangu. Kazi ya mwalimu huyu, sehemu kubwa, haionekani. Sisi tunadhani kazi yake ni ile saa moja anaposimama mbele ya wanafunzi akisema. Tena ile saa moja ndiyo pekee isiyohitaji sana umeme! Umeme ukikatika, mwalimu atapaza sauti, atachukua chaki, atafungua madirisha, na somo litaendelea. Mkuu wa chuo akipita ataona darasa lina mwalimu, naye ataandika kwamba kazi imefanyika.

Lakini tazama saa nyingine. Mwalimu wa chuo kikuu hutakiwa asome vitabu na majarida mapya, na siku hizi mengi ya hayo hayaji kwa posta wala hayamo katika kabati la maktaba. Yanapatikana kwa kompyuta na intaneti. Hutakiwa asahihishe kazi za wanafunzi mia mbili, mia tatu. Hutakiwa asome tasnifu za wanafunzi wakubwa ukurasa kwa ukurasa, awaandikie makosa yao. Hutakiwa afanye utafiti wake mwenyewe na autangaze, maana bila maandishi hayo hapandishwi cheo, hata angekuwa msemaji hodari namna gani. Kama ni wa sayansi, ana dawa zinazotakiwa kukaa katika baridi, na vipimo vinavyochukua saa kumi bila kukatizwa. Kazi zote hizi zinahitaji umeme, na nyingi hufanyika jioni, wakati madarasa yamefungwa na wanafunzi wameondoka mlangoni pake.

Sasa umeme ukikatika saa mbili, mwalimu hapotezi saa mbili tu. Kompyuta imezima kabla hajahifadhi alichoandika. Ukirudi, unarudi kwa nguvu za ghafla au kwa unyonge, na mashine zisizo na kinga huungua. Mitambo ya intaneti ya chuo inahitaji mtu wa kuiwasha upya, na mtu huyo amekwenda kwao. Kipimo cha maabara kinaanza tena mwanzo. Hayo yote ni mabaya, lakini yana dawa. Ubaya mkubwa zaidi ni mwingine, nao huja polepole. Umeme unapokuwa wa kubahatisha, mwalimu hujizoeza kutoutegemea. Haangalii tena utafiti gani una faida kwa nchi. Anaangalia utafiti gani unawezekana bila taa. Hawapi wanafunzi kazi ya kompyuta, maana anajua nusu yao watakuja kusema taa zilizimika, na watakuwa wamesema kweli. Anarudia maandishi ya mwaka jana, na ya mwaka juzi. Hapo hata umeme ukija siku saba mfululizo, yeye hana habari nao tena. Na hasara hiyo haina mfuko wa kuhesabia, wala mwenye kupiga kelele.

Haya sikuyasoma katika kitabu. Mimi nilisomea ualimu katika chuo kimoja ambacho sitakitaja jina, kwani shida ile haikuwa ya chuo kile peke yake. Tulikuwa na mkufunzi wa fizikia, mtu mpole, mwenye juhudi. Ilipofika sura ya umeme alituambia kwamba wiki ijayo tutaingia maabara, kila kundi litaunganisha nyaya lenyewe na kupima lenyewe. Wiki ile umeme haukuwapo. Akaahirisha. Wiki ya pili ukawapo asubuhi, ukaenda zake saa ya somo letu ilipofika. Jenereta la chuo lilikuwapo, lakini mafuta yake yaliwekwa kwa ajili ya ofisi, na kwa ajili ya siku mgeni rasmi anapokuja. (Mtu akitaka kujua chuo kina jenereta zima au bovu, aende siku ya mahafali.) Wiki ya tatu mkufunzi akaingia darasani na chaki, akachora betri ubaoni, akachora nyaya, akachora taa, na pembeni ya taa akachora vimstari vya kuonyesha kwamba inawaka. Sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akisoma shahada ya pili kwa njia ya posta na kompyuta, na kwamba mwezi ule ule alikuwa amepoteza sura nzima ya tasnifu yake kwa kuzimikiwa.

Mimi nikahitimu, nikaenda kufundisha watoto wa wakulima somo la umeme. Na mimi nikawachorea taa ubaoni, pamoja na vimstari vyake. Watoto wale wakaandika. Baadhi yao sasa wako vyuoni wanasomea ualimu.

Mzee wangu aliyeniuliza jana, hilo ndilo jibu langu la kwanza. Hatumlilii mwenye digrii. Yeye ana mshahara, na taa ikizimika mshahara hauzimiki. Anayelipa ni mtoto wako aliye darasa la tano kijijini, ambaye mwalimu wake atafundishwa na huyo aliyekaa gizani. Daktari wa zahanati yako, mkaguzi wa hesabu za chama chako cha msingi cha pamba, bwana shamba, injinia wa maji: wote hao wamepita mikononi mwa watu hawa.

Kuna wengine wanasema, "Walimu wa zamani walisoma kwa kibatari wakawa wakubwa." Ni kweli. Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 hakina hata nyumba yake. Kilianza katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Lakini tufikiri vizuri juu ya habari hiyo. Chama kilikuwa kimejenga jengo lile kwa ajili ya ofisi zake. Hakikuwaambia walimu wale wakafundishe chini ya mwembe kwa sababu wananchi wengi walikuwa hawana nyumba za mabati. Kiliwapa jengo bora kililokuwa nalo. Mimi naona anayetumia habari za 1961 kutetea giza la leo ameisoma hadithi kinyumenyume.

Nisiseme uongo pia kwa upande wa pili. Umeme haumfanyi mvivu kuwa hodari. Yuko mwalimu ambaye ukimpa taa saa ishirini na nne ataangalia mpira. Huyo tumjue, na ashughulikiwe na wakubwa wake. Lakini taa zinapozimika hovyo, mvivu na hodari wanafanana. Wote wawili wana sababu ile ile, na hakuna mkuu wa chuo anayeweza kumtenga mmoja na mwingine.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe, maana wengine mnasema hii ni shida ya nchi nzima na haina dawa. Ilikuwa hivyo. Kuanzia Septemba 2023 mpaka mwanzo wa 2024 nchi ilikuwa katika mgao, kwa kuwa umeme uliozalishwa haukutosha. Hata baadaye, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Lakini mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kutoa umeme, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika, megawati 2,115. Hiyo ni kazi kubwa ya Taifa na tunaisifu. Basi, tukiambiwa leo kwamba taa zimezimika kwa sababu nchi haina umeme, tuulize tena.

Sababu iliyobaki ni njia. Umeme wetu unatoka mbali: Rufiji, Kidatu, Mtera, na kwenye gesi ya pwani. Ile laini kubwa ya kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, yenye kilomita 670, ilikamilika mwaka 2016, nayo ilitusaidia sana. Lakini umeme unaosafiri mbali hupungua njiani. Serikali yenyewe ilisema hivyo mwaka 2025 ilipoeleza kwa nini inataka kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Na ukishafika Shinyanga bado una safari ya nguzo za miti, nyaya zilizochoka, na transfoma moja iliyobebeshwa mashine za unga, gereji za kuchomelea na nyumba mia. Mgodi una laini yake, lakini chuo kinasubiri pamoja na wote. Hata ungejenga mabwawa matatu, transfoma ile ile ikielemewa taa zitazimika.

Hapa kwetu tunacho chuo. Pale Kizumbi kuna tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Sisemi kwamba Kizumbi kunazimika kuliko kwingine. Nasema ni mali yetu. Ushirika ni kitu ambacho watu wa nchi ya Usukuma walikijua mapema. Tangu miaka ya 1950, wakati wa Bwana Paul Bomani na vyama vya pamba, wakulima wa kanda hii walichanga fedha zao wakavunja minyororo ya wanunuzi. Mjukuu wa mkulima yule ndiye anayefaa kusoma hesabu za ushirika Kizumbi, na kuzisoma vizuri. Tena Serikali ilikopa Benki ya Dunia dola milioni 425 mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo vikuu: kujenga matawi katika mikoa ambayo haikuwa nayo, kununua vifaa, na kuwapeleka walimu masomoni. Deni hilo tutalilipa sote, na wajukuu zetu. Mwalimu aliyesomeshwa kwa deni hilo akirudi na udaktari wake, akakuta kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi na kukosa umeme, tutakuwa tumelipia nini?

Jirani zetu hawakungoja. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka mitambo ya jua juu ya mapaa yake mwaka 2014, yenye nguvu ya kilowati 600. Kule Nigeria, ambako kukatika kwa umeme ni jambo la kila siku, serikali ilianza mpango wa kuvipa vyuo vikuu vya taifa mitambo yao wenyewe. Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, kilipata mtambo wa jua wa megawati 7.1 mwaka 2019. Afrika Kusini mwaka 2023 ilikuwa na siku zaidi ya 300 za kukatiana umeme kwa zamu, na vyuo vyake vilijifunza kwa uchungu kwamba jenereta la dizeli linakula fedha za vitabu.

Na sisi tunakosa nini? Jua? Mtu wa Shinyanga akikosa mvua hakosi jua! Kule Ngunga, wilaya ya Kishapu, mkataba wa kujenga mtambo wa jua wa megawati 50, hatua ya kwanza, ulitiwa sahihi mwaka 2023. Umeme huo ni wa gridi, wa nchi nzima, na ndivyo inavyofaa. Lakini jua linaloangaza Ngunga ndilo linaloangaza mapaa ya chuo. Mabetri ya kutosha kuendesha taa za ofisi za walimu, maktaba, na mitambo ya intaneti kwa saa nne au tano za jioni si mzigo wa kushinda chuo kikuu. Sidai chuo kiendeshe viyoyozi. Nadai kazi ya mwalimu isikatike katikati.

Fedha zitoke wapi? Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa kuwa watu wengi wanasema ovyo juu ya fedha za migodi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kila mwaka kutengeneza mpango wa kuwasaidia wananchi na kukubaliana na halmashauri ya mahali pale. Tena halmashauri hupata ushuru wa huduma, unaotokana na mauzo. Lakini Bulyanhulu iko Msalala, mgodi mkubwa uko Geita, na Mwadui iko Kishapu. Fedha hizo haziruki mpaka zikaja Kizumbi, na asiwadanganye mtu. Basi wanachama wa Geita, Msalala na Kishapu wavisemee vyuo vilivyo katika halmashauri zao, vya ualimu na vya ufundi, wakati mipango hiyo inapotengenezwa, si baada ya kutiwa sahihi. Nimeona mipango ikijaa vyumba vya madarasa na matundu ya vyoo, navyo vinatakiwa. Betri sijaiona. Na sisi wa hapa mjini njia yetu ni mbili: bajeti ya chuo chenyewe, inayopitia Wizarani, na meneja wa TANESCO kwa habari ya transfoma na nyaya.

Lakini hatuwezi kwenda kwa meneja na maneno matupu ya kwamba "taa zinazimika sana." Atatuuliza, mara ngapi? Siku gani? Saa ngapi? Nasi tutatazamana. Mwenye karasha anajua mifuko yake. Sisi lazima tujue saa zetu.

Kwa hiyo Kamati imekubali kununua madaftari sita. Kila daftari litakaa katika nyumba ya mwanachama mmoja anayeishi karibu na chuo. Umeme ukizimika ataandika tarehe, saa ulipozimika na saa uliporudi, na kama ulirudi hafifu. Hata ukizimika dakika tano, aandike. Usiku nao aandike. Asiongeze wala asipunguze, maana wenzetu wa TANESCO wana vitabu vyao na watalinganisha. Kazi itakwenda miezi mitatu, ili hesabu ziwe mikononi mwa madiwani na za wakuu wa vyuo kabla bajeti ya mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai, haijafungwa. Na walimu wa vyuo waliomo humu ndani, ambao nawaona mmekaa kimya, nyinyi mtaandika upande wa pili: siku ile mlikuwa mkifanya kazi gani, na kazi hiyo ikaishia wapi.

Daftari la kwanza ninalo hapa mkononi. Ni la Kizumbi. Nani atakaa nalo?